Dada Yangu Alivyogeuzwa Funzo

Mtu wa kwanza kunionyesha kwamba historia si ya mtihani tu alikuwa mfanyabiashara wa majoho ya kwaya. Alitoka Bukavu, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja, na sisi wote tuliozungumza Kiswahili pale Guangzhou tulimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha chuo chochote. Alisomeshwa na mapadri, enzi ambazo kijana wa Kikongo mwenye akili alikaririshwa Kilatini na Kigiriki cha kale mpaka akaota kwa lugha hizo. Nchi yao ilipovurugika, elimu hiyo haikumpatia hata kibarua. Majoho ndiyo yaliyomlisha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Kwa miaka minane nilisimama mbele ya ubao wa shule moja ya sekondari Morogoro, nikiandika sababu tano za hiki na athari sita za kile, wanafunzi wakinakili, na mwisho wa mwaka wakinirudishia vilevile nilivyowapa. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojua kama nimechoka. Ndipo dada yangu aliponipigia simu kutoka Guangzhou.

"Acha chaki, mdogo wangu," alisema. "Huku kuna kazi ya watu wawili na mimi niko peke yangu."

Dada alinizidi miaka sita. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, hakupata mtoto, na badala ya kukaa ukweni akihurumiwa aliingia kwenye biashara ya nguo. Alipoanza kwenda China, wenzake wengi walikuwa wakinunua nguo zilizokwisha kushonwa. Yeye alichora zake. Alichora magauni ya sherehe ya watoto kwa penseli kwenye karatasi za daftari, yale yenye sketi za neti zilizofura, akachagua kitambaa mwenyewe, akashonesha. Idd na komunyo ya kwanza zilimkuta ana mzigo Dar es Salaam na Lubumbashi. Kicheko chake kilisikika ghorofa mbili chini, na alijisifu bila haya. "Mtoto wa nani amevaa gauni langu?" alipenda kuuliza akiona picha za harusi za watu. Sitaki kumpamba. Alikuwa na majivuno, na yalimpendeza.

Magauni yake yalishonwa Kangle. Ni kijiji kilichomezwa na jiji, kando ya masoko ya vitambaa. Kila nyumba ina mashine za kushona chini na watu wamelala juu, na ukinyoosha mikono kwenye kichochoro unagusa kuta zote mbili. Dada na Profesa walikuwa na laoban mmoja, yaani mwenye karakana mmoja, mwanamke mfupi kutoka Hubei ambaye kila ukimwuliza kazi itakwisha lini alijibu "mingtian", kesho. Kazi yangu ikawa kukaa pale kuisubiri kesho hiyo. Nilikagua mishono, nilivuta vifungo kuona kama vimeshika, na muda uliobaki nilikaa kwenye kigoda cha plastiki nikimsikiliza Profesa.

"Madame Mwalimu," aliniuliza siku ya pili au ya tatu, "ulikuwa unafundisha historia juu ya nini?"

Kwao hiyo ni kusema kwa nini. Nikamjibu kwamba ilikuwa kwenye mtaala.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Sikiya. Wagiriki wa kale, bale bazee, hawakuandika historia juu ya mtaala. Waliandika ili mtu akisoma abadilike. Mfalme asome aone haya. Kijana asome atamani kuwa kama fulani. Kama hakuna aliyebadilika, wino umekwenda bure."

Kisha akanisimulia habari ya yule mfalme tajiri wa Lidia aliyemtembeza mgeni mwenye hekima kwenye hazina zake, halafu akamwuliza ni nani mwenye heri kupita watu wote duniani, akitegemea kutajwa yeye. Mgeni akamtaja raia mmoja wa kawaida aliyekufa akiupigania mji wake. Mfalme akauliza, na baada ya huyo? Mgeni akawataja ndugu wawili waliolivuta gari la mama yao mpaka hekaluni, kisha wakalala wasiamke tena. Hakumwita mtu mwenye heri kabla hajauona mwisho wake. Mfalme akamfukuza. Miaka baadaye, ufalme umekwisha, yeye mwenyewe yuko juu ya kuni zinazotaka kuwashwa, ndipo akaliita jina la mgeni yule.

Profesa alisimulia haya katikati ya kelele za cherehani thelathini, na nakiri mwili ulinisisimka. Lakini ualimu haukunitoka. Nikamwuliza, "Yalitokea kweli?"

"Ah. Wapo waliopiga hesabu ya miaka wakaona hawa wawili hawakuweza kukutana. Alikuja mwandishi mwingine baadaye, Mgiriki pia, aliyeandika maisha ya watu wakubwa wawiliwawili, mmoja wa kwao na mmoja wa Roma, ili msomaji awapime. Hesabu hizo alizijua. Unajua alisema nini? Kwamba hadithi inayolingana hivi na tabia ya mwenye hekima, hawezi kuitupa kwa sababu ya jedwali la miaka. Voilà."

Nilicheka. Niliona ni jibu zuri. Kwa mtu aliyetoka kwenye sababu tano na athari sita, lilikuwa kama dirisha.

Nilijifunza mengi kwa Profesa, na sitamnyima haki yake. Alinieleza kwamba kwa Wagiriki wale kiburi kilikuwa na umbo: mtu anafanikiwa, anasahau kwamba yeye ni mtu, anapuuza aliyemwonya, anaanguka. Yule mfalme wa Uajemi aliyeamuru bahari ichapwe viboko baada ya mawimbi kulivunja daraja lake, huyo aliandikwa ili wenye nguvu wajione. Alinieleza juu ya jemadari aliyefukuzwa kwao akaiandika vita ya mji wake mwenyewe, na pale ambapo hakukumbuka maneno ya hotuba aliwawekea watu maneno ambayo hali iliwataka waseme. Alinieleza juu ya mwingine aliyewakemea wenzake kwa kuijaza historia machozi kama mchezo wa kuigiza, lakini yeye mwenyewe akasisitiza kwamba hakuna kinachomfundisha mtu kustahimili kama kukumbushwa misiba ya wengine. Misiba ya wengine. Maneno hayo yalinipita kama mengine.

Jumapili alasiri watu wa Kiswahili tulikutana juu ya mkahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina, mahali ambapo sisi tusiokula nguruwe tulikula bila wasiwasi na Wakongo wakatoka kanisani wakatukuta. Kulikuwa na mambo ya kawaida: nani anaumwa, nani kafiwa, kontena la nani limekwama. Profesa alikuwa katibu. Akapendekeza kwamba kila mkutano ukifungwa isomwe habari moja ya kweli ya mwenzetu mmoja, bila jina, ili wengine wajifunze. Aliliita Daftari la Wenzetu. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, kimechanganyika na Kifaransa, kwa hiyo akaniomba nimsaidie kukisafisha. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Tangu niache shule hakuna aliyekuwa ameniomba kitu cha kichwani.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na ni lazima niiseme kabla ya kumlaumu mtu mwingine.

Palikuwa na Mkenya mmoja aliyenunua jinzi soko la Shahe, mtu mpole mwenye mabega mapana. Katika miezi michache alianza kunywa, akaacha kwenda sokoni, akavunja miadi na wateja wake mmoja baada ya mwingine. Profesa aliandika habari yake: mtu aliyeonywa na marafiki watatu, akawadharau wote watatu, akaanguka. Niliposoma nikamwambia, "Lakini huyu alifiwa na binti yake Nakuru. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Alijua akienda kuzika harudi, akabaki. Ndipo alipoanza kunywa."

"Najua," Profesa alisema. "Ya mtoto tuitoe. Msikilizaji akimhurumia, hatajiogopea."

Nikaitoa. Sikubishana. Zaidi ya hapo, niliwapanga wale marafiki watatu vizuri, kila mmoja na onyo lake, kwa sababu ilisikika vyema zaidi. Jumapili hiyo iliposomwa watu walitikisa vichwa, na mama mmoja wa Zanzibar alisema, "Subhanallah." Mkenya yule alikuwa amekaa karibu na ngazi. Hakutajwa jina, lakini hakuna aliyekosa kujua. Aliinuka taratibu akateremka, na Jumapili iliyofuata hakuja. Sikumtafuta. Nilikuwa na furaha kwamba sentensi zangu zimekaa vizuri.

Kisha ukaja mwaka wa michezo mikubwa ya Beijing. Viza zilizokuwa za miezi zikawa za siku thelathini, na kuziongeza ikawa shida. Askari walianza kusimama milangoni mwa masoko wakidai pasipoti. Mimi niliondoka mapema kwenda Dar kuupokea mzigo. Dada alibaki kumalizia magauni, tiketi yake mkononi, siku zake za viza zikimtosha na mbili tatu za ziada.

Siku nne kabla ya safari ya Dada, Profesa alianguka karakanani Kangle. Laoban alipiga kelele, na Dada ndiye aliyekuwa karibu. Walimpakia kwenye pikipiki ya kubebea marobota mpaka barabara kuu, wakapata teksi. Hospitali walisema kidole tumbo kimepasuka. Akafanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo.

Mtu ambaye hajalazwa kule huenda hajui kwamba manesi hawamlishi mgonjwa wala kumwosha. Hiyo ni kazi ya ndugu zake. Profesa hakuwa na ndugu. Nesi alimwuliza Dada kwa ishara na Kiingereza cha kubahatisha kama yeye ni mke. Dada aliona akikataa atatolewa nje, akaitikia kwa kichwa. Siku tisa alimnywesha uji kwa kijiko, akamgeuza, akambadilisha nguo. Usaha ulitoka kwenye mshono, homa haikushuka, na kila asubuhi Profesa alimwambia, "Nenda, Mama, ndege yako," na kila asubuhi hiyo hiyo alimshika mkono asiende. Haya niliyapata kwa Dada mwenyewe. Ndege iliondoka siku ya nne. Viza ilikwisha siku ya sita.

"Ungemwomba Mkongo mwenzake yeyote," nilimwambia kwenye simu.

"Niliwaomba. Kila mmoja alisema atakuja kesho. Na wote walikuwa wanaogopa kukutana na askari njiani." Kisha akasema, "Mtu hawezi kulala hospitali kama mzigo uliosahauliwa, mdogo wangu."

Siku alipotolewa, Dada alitaka kwanza kwenda ofisi ya uhamiaji kujieleza. Alikuwa na karatasi ya hospitali. Lakini Profesa alilalamika kwamba suruali inambana kwenye mshono. Dada akasema atapitia Barabara ya Zhanqian, mara moja tu, amtafutie suruali ya mpira kiunoni. Alikamatwa kwenye mlango wa jengo la nguo za jumla, suruali mbili za mpira zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Askari aliisoma karatasi ya hospitali, akaikunja vizuri, akamrudishia. Alizuiliwa wiki mbili, akapandishwa ndege, na kwenye pasipoti yake ukagongwa muhuri wa kutorudi kwa miaka mitano.

Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Dar. Alikuwa amekonda, amevaa nguo zile zile alizokamatwa nazo. Nilimwuliza kama Profesa alikwenda kituoni kusema ukweli.

"Alikuwa bado mgonjwa," alisema.

Nilirudi Guangzhou baada ya michezo kwisha na viza kulegea, ili kuokoa kilichoweza kuokolewa. Nilifika Jumamosi. Jumapili nikapanda ngazi za mkahawa wa tambi. Profesa alikuwa mzima, ameongezeka hata mwili. Aliponiona alisita, kisha akaja akanishika mikono miwili, akaniuliza habari za Dada, macho yake yakitazama juu ya bega langu. Mkutano ulipokaribia kufungwa alilifungua Daftari. Nadhani hakutegemea ningerudi mapema vile, na watu walikuwa wakiisubiri habari hiyo, ameiahidi tangu wiki iliyopita. Akaisoma.

Ilihusu mwanamke aliyefanikiwa kuliko wenzake, aliyecheka kwa sauti sokoni. Rafiki wa kwanza alimwambia siku zako zinakwisha. Akacheka. Rafiki wa pili alimwambia serikali ya watu haitaniwi. Akacheka. Wa tatu alimshika nguo. Yeye akasema gauni moja tu bado, bado oda moja, mimi sheria hainijui. Akakamatwa akiwa katikati ya soko, bidhaa mkononi. Profesa alisoma polepole, kwa Kiswahili chake cha Bukavu kisichosafishwa na mtu, lakini marafiki watatu nilikuwa nawajua. Niliwapanga mwenyewe.

Watu waliguna. Kijana mmoja Mtanzania aliyekuja mara ya kwanza aliniegemea akanong'ona, "Tamaa mbaya, dada." Hakujua mimi ni nani. Nilikaa mpaka dua ikaisha, nikateremka ngazi nikiwa nimeshika ukuta.

Kesho yake nilimkuta Kangle. Alikuwa anakagua kola za majoho.

"Dada yangu alipitisha siku zake akikuosha," nilimwambia. Sikumsalimu.

Aliweka joho chini. "Sema polepole, Madame."

"Hapa nani anajua Kiswahili? Alikamatwa akikununulia suruali."

"Najua alichofanya. Nitakijua mpaka nife." Aliketi kwenye kigoda, mkono ukaenda wenyewe kwenye ubavu wa kulia. "Mimi nina mke Bukavu. Niko mzee wa kanisa. Batu wakisikia mjane Mwislamu alikaa na mimi siku tisa, ameandikwa mke wangu hospitali, watasema nini? Na yeye je, kwa ndugu za marehemu mume wake, watasema nini? Nilimlinda yeye pia."

"Ungenyamaza. Nani alikulazimisha kumwandika?"

"Kila mtu alikuwa anauliza alikamatwa juu ya nini. Mimi ndiye katibu. Ningewajibu nini?" Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya siku tulizokuwa tukisubiri, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. "Na tangu niisome jana, unajua watu wangapi wameangalia tarehe za viza zao? Wanne wameniambia wataondoka mapema. Wanne, Madame. Habari ile imewafaa. Yule mtu binafsi anapita, funzo linabaki. Wewe unajua. Tulifanya pamoja."

Tulifanya pamoja. Nilimwona tena moyoni yule Mkenya mwenye mabega mapana akiteremka ngazi. Nilichoweza kusema ni, "Jumapili utasema ukweli."

"Nitasema," aliahidi.

Jumapili alisoma habari ya mtu aliyepakia simu bandia ndani ya viatu. Alipofunga Daftari nikasimama. Nilisema yule mwanamke wa wiki iliyopita ni dada yangu wa tumbo moja, wengi wenu mnamjua, mmekula chakula chake. Nikasema hakuna aliyemwonya kwa sababu hakuhitaji kuonywa, tiketi alikuwa nayo. Nikasema alibaki kumwuguza mgonjwa ambaye wengine walimwahidi kesho. Sikumtaja mgonjwa. Haikuhitajika. Profesa alikuwa ameinamisha kichwa, na kila mtu alijua nani alilazwa mwezi ule.

Kisha mama mmoja Mkongo, mnunuzi wa nywele za bandia, mtu mwema ambaye sikutarajia anipinge, akasema, "Pole sana, Mama. Lakini ile ya Profesa ilitufundisha kitu. Ya kwako inatufundisha nini? Tusiuguze wagonjwa?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli. Watu wakanigeukia wakisubiri, kama wanafunzi wangu walivyosubiri niandike athari ya sita, na mimi sikuwa nayo. Nikasema, "Haifundishi kitu. Ndivyo ilivyokuwa." Nikaketi.

Yaliyofuata nilipaswa kuyajua mapema. Ndani ya wiki moja nilisikia Zhanqian, kwa mtu niliyekuwa nikinunua kwake mifuko, kwamba kumbe yule mama wa magauni alikuwa na Profesa. Kumbe ndiyo maana. Siku tisa, na aliyeuliza hospitali kaambiwa aliandikwa mke. Walioipokea hii waliipokea kwa hamu kuliko ile ya kiburi, na hawakuhitaji daftari kuikumbuka. Ilisafiri na watu kwenye ndege. Profesa alirudi Bukavu kabla ya mwaka kwisha. Wengine walisema mkewe alimwita, wengine walisema kanisa lake. Kuhusu hilo sina uhakika, na sitalijaza mwenyewe.

Dada alinipigia simu asubuhi moja nikiwa sokoni.

"Mama mkwe amekuja hapa nyumbani," alisema. "Amekuja na wifi zangu wawili. Wamekaa kwenye viti vyangu wakaniuliza kama ni kweli." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Kwa nini ulisimama?"

"Walikuwa wanakuita mwenye tamaa. Mwenye kiburi."

"Waache waniite. Kiburi ningeishi nacho. Mimi ni mwenye kiburi. Hili sasa nitaishi nalo vipi?"

Nilisimama pale kati ya marobota, mwenye duka akinionyesha kwa mkono nisogee nisizibe njia. Nilimwambia nilitaka watu wajue alichokifanya. Akanijibu kwamba alichokifanya alikijua yeye na Mungu wake, na ilikuwa inatosha.

Nilikaa Guangzhou mwaka mmoja zaidi. Kwa michoro ya magauni yake laoban aliendelea kuwashonea wanunuzi wengine. Niliyaona yakining'inia Shahe, sketi za neti zilizofura, na nilipomwuliza alijibu "meiyou", hakuna, hakuna mchoro wa mtu hapa. Niliporudi nyumbani nilipata nafasi ya kufundisha shule ya watu binafsi, historia tena. Vijana wanapenda niwasimulie habari za mfalme wa Lidia. Huwa nawasimulia, maana ni nzuri, na kisha nawaambia kwamba wawili wale huenda hawakukutana kamwe. Darasa hunilalamikia. Wanasema nimewaharibia.

Miaka mitano ya muhuri ilipita, Dada hakurudi China. Ana kibanda cha kushona Mbagala, cherehani mbili. Anashona sare za shule, nguo ambazo hazina mchoro wa mtu. Kwa upande wa mumewe haalikwi tena harusini. Anacheka bado, lakini si kwa sauti ile.

Nilipomaliza kuandika kurasa hizi nilimpelekea. Nilimsomea mwenyewe, kwa sababu macho yake yamechoka, naye alisikiliza akiendelea kukata kitambaa cha bluu kwa mkasi mkubwa. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho nikamwuliza kama kuna nilichokosea.

"Siku, umepatia. Suruali, umepatia." Aliupima ukingo wa kitambaa kwa vidole. "Utawasomea watu?"

Nikasema natamani, kama ataniruhusu.

"Basi na wewe umeshanifanya funzo," alisema, akageuza kitambaa upande wa pili akaendelea kukata.